Mafua ya ndege: tunahesabu H na N, tunairuka sehemu ya tano

Tangu Machi 2024, virusi vya H5N1 vilipothibitishwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, habari za mafua ya ndege zimekuwa zikiandikwa kwa mtindo mmoja. Kila baada ya miezi kadhaa unatoka utafiti, na kila utafiti unafikishwa kwa umma kama hesabu ya kusubiri maafa: yamebaki mabadiliko mangapi kabla kirusi hiki hakijaanza kuruka kutoka mtu hadi mtu? Desemba 2024 hesabu hiyo ilifika kwenye moja. Jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti waliobadilisha asidi amino moja tu (tofali moja kati ya yale yanayojenga protini), ile ya nafasi ya 226, kwenye hemaglutinini, protini ya juu ya kirusi, ya kirusi cha H5N1 kilichompata mtu wakati wa mlipuko wa ng'ombe. Wakaona protini hiyo ikiacha kushika vipokezi, yaani vishikio vya juu ya seli, vya aina ya ndege na kuanza kushika vya aina ya binadamu. Ulikuwa utafiti mzuri, uliofanywa kwa protini iliyotengenezwa maabara wala si kwa kirusi kizima. Ulipofika kwenye simu za watu ulikuwa umeshafupishwa kuwa maneno manne: bado hatua moja tu.

Naona maneno hayo yanapotosha, na upotoshaji wake una chanzo kinachoeleweka. Tumezoea kuiita influenza kwa herufi mbili, H ya hemaglutinini na N ya neuraminidasi, protini mbili zinazochomoza juu ya ganda la kirusi. Kwa kuwa ndizo zinazobeba jina, tumeamini kwamba ndizo zinazobeba hatima. Hoja yangu ni kwamba ndani kabisa ya kirusi kuna protini nyingine, nukleoprotini, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo inayoamua kama kirusi kilichoshafungua mlango wa seli ya binadamu kitapata nafasi ya kuzaliana humo. Protini hiyo hiyo ndiyo sehemu ya kirusi ambayo kinga yetu ya zamani inaweza kuitambua hata koti la nje likibadilishwa. Anayetaka kujua H5N1 iko umbali gani kutoka kwetu, na tuna akiba gani dhidi yake, hana budi kuiangalia nukleoprotini. Kwa sasa haiangaliwi inavyostahili.

Tuanze na kazi yake, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kirusi cha influenza A hakibebi maelekezo yake ya kijenetiki kwenye uzi mmoja mrefu. Kinayo kwenye vipande vinane vya RNA, na kipande cha tano ndicho chenye maelekezo ya kutengeneza nukleoprotini, protini yenye asidi amino 498. RNA hizo hazikai uchi hata kidogo. Kila kipande kimevishwa nukleoprotini mwanzo hadi mwisho, takriban moja kwa kila herufi 24 za RNA, kisha kikasokotwa kama kamba ya ukili, na kwenye ncha yake kimefungiwa kimeng'enya cha polimerasi, kinachonakili RNA, chenye sehemu tatu. Vipande vinane kwa jumla vina herufi zipatazo 13,500. Gawanya kwa 24 utaona kwamba chembe moja ya kirusi, kitu kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida, imebeba nukleoprotini zaidi ya mia tano. Umbo lake lilipochapishwa mwaka 2006 baada ya kuchunguzwa kwa miale ya eksirei, lilifanana na mwezi mchanga, lenye bonde la chaji chanya ambamo RNA hulala, na kimkia kifupi kinachojichomeka kwenye tundu la nukleoprotini ya jirani. Jirani naye hujichomeka kwa anayefuata, hivyo hivyo hadi mnyororo unakamilika. Kinachokishikilia kimkia hicho ni mvutano wa chaji kati ya asidi amino mbili tu, ya 339 upande mmoja na ya 416 upande wa pili. Ukiuvunja mvutano huo, mnyororo hauungani.

Sasa fuata safari yenyewe. Hemaglutinini imeshikana na kipokezi, seli imekimeza kirusi ndani ya kifuko, asidi ya kifuko imelilazimisha ganda la kirusi kuungana na utando, na vifurushi vinane vimemwagika ndani ya seli. Kwa habari nyingi za magazeti hapa ndipo kisa kinapoishia, kirusi kimeingia. Kwa kirusi chenyewe kazi ndiyo kwanza inaanza. Tofauti na virusi vingi vya RNA ambavyo huzaliana nje ya kiini cha seli, influenza lazima ifike kwenye kiini, na kiini hakipokei kila mgeni. Nukleoprotini inabeba alama ambazo protini za seli zinazoitwa impotini huzitambua kama kibali, na kwa kibali hicho vifurushi vinapitishwa kwenye matundu ya kiini. Humo polimerasi inanyofoa vichwa vya RNA za seli yetu na kuvitumia kuanzishia RNA zake, halafu inaanza kunakili vipande vizima, na kila nakala mpya inayotoka inavishwa nukleoprotini mpya papo hapo. Nukleoprotini ikipungua, nakala kamili hazitengenezwi. Baadaye vifurushi vipya hutolewa nje ya kiini kwa msaada wa protini nyingine mbili za kirusi, kuelekea kwenye utando ambako chembe mpya huundwa. Katika hatua zote hizi, kuanzia kifuko kinapopasuka hadi chembe mpya inapojitenga na seli, sioni hata moja ambayo kifurushi cha nukleoprotini hakimo.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawajaambiwa kamwe. Ile herufi A tunayoandika kabla ya H5N1, inayotenganisha influenza A na B, C na D, haikutokana na H wala N. Aina hizo nne zinatofautishwa kwa protini za ndani, nukleoprotini na ile ya tumbo la kirusi inayoitwa M1. Kwa hiyo nukleoprotini imo kwenye jina la ugonjwa tangu mwanzo, ila hatuioni. Vipimo vingi vya haraka vya mafua navyo ni hivyo hivyo. Ukidondosha majimaji ya pua kwenye kile kipande cha plastiki, yakatambaa kwenye karatasi, na baada ya dakika kumi na tano ukaona mstari wa pili wenye rangi, kilichonaswa kwenye mstari huo kwa kawaida ni nukleoprotini. Watengenezaji waliichagua kwa sababu imo kwa wingi na haibadiliki haraka. Kwa sababu hiyo hiyo mstari huo hauwezi kukwambia kama ni mafua ya kila msimu au ni H5N1. Unasema ni influenza A, basi.

Historia ya majanga inaonyesha uzito wa jambo hili kuliko maelezo yoyote ya maabara. Kirusi cha 1918, kilichoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50, kilikuwa H1N1. Mwaka 1957 kikaja H2N2, na dunia ikahesabu kirusi kipya. Lakini kilichokuwa kipya ni vipande vitatu tu kutoka kwa ndege: hemaglutinini, neuraminidasi, na sehemu moja ya polimerasi iitwayo PB1. Vitano vilivyobaki, nukleoprotini ikiwemo, vilitoka kwa kirusi cha binadamu kilichokuwa kikizunguka tangu 1918. Mwaka 1968 ikaja H3N2 kwa njia hiyo hiyo, safari hii hemaglutinini na PB1 pekee ndizo zilizobadilishwa. Nukleoprotini ikabaki ya ukoo ule ule. Maana yake ni kwamba H3N2 inayotulaza vitandani kila msimu hadi leo imebeba nukleoprotini ya ukoo wa 1918. Janga la 2009 lilikuja na nukleoprotini nyingine, ya virusi vya nguruwe, ambavyo kwa miongo mingi vilikuwa vikiishi ndani ya mnyama anayefanana nasi kuliko ndege. Kwa hiyo katika majanga matatu yaliyofuata lile la 1918, hakuna hata moja lililoletwa na kirusi chenye nukleoprotini iliyotoka kwa ndege moja kwa moja. Hemaglutinini mpya ya ndege imeingia mara mbili katika kipindi hicho, na mara zote mbili iliingia ikiwa imepanda juu ya nukleoprotini iliyokwisha kuzoea miili yetu.

Je, hiyo ni bahati tu? Sidhani, na sababu zangu zinaanzia kwenye panya. Jean Lindenmann, mwanasayansi wa Uswisi aliyekuwa ameshirikiana na Alick Isaacs kugundua interferoni, protini ambayo seli iliyoambukizwa hutoa kuwaonya majirani, mwaka 1957, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba panya wa ukoo wa maabara uitwao A2G hawafi kwa dozi za influenza zinazoua panya wengine. Jeni iliyohusika ikaitwa Mx. Binadamu tunayo ya kwetu, na protini yake, MxA, huzalishwa kwa wingi pale seli inapopata taarifa ya interferoni kwamba jirani ameambukizwa. MxA huvivamia vifurushi vya kirusi na kuvizuia kufanya kazi. Watafiti walipochukua virusi viwili, kimoja kinachozimwa na MxA na kingine kinachoihimili, wakabadilishana nukleoprotini kati yao, uwezo wa kuhimili ukahama pamoja na nukleoprotini. Virusi vya ndege kwa kawaida huzimwa. Cha 1918 na cha 2009 vilikuwa na mabadiliko kwenye nukleoprotini yaliyoviwezesha kupenya, kila kimoja kwa mchanganyiko wake. Tena mabadiliko hayo yana gharama, kwa kuwa baadhi yake hudhoofisha uwezo wa kirusi kuingia kwenye kiini, hadi yafidiwe na mabadiliko mengine. Kirusi hakiyapati bure kwa siku moja.

Mwaka 2023 ukaongezeka mlinzi wa pili. Kundi la watafiti likiongozwa kutoka Glasgow lilionyesha kwamba protini ya binadamu iitwayo BTN3A3, ambayo imo kwenye njia yetu ya hewa hata kabla ya maambukizi, huvizuia virusi vya ndege kuzaliana lakini haivizuii virusi vya mafua ya msimu. Tofauti yote ilikuwa kwenye nukleoprotini, nafasi ya 313. Virusi vingi vya ndege vina asidi amino moja hapo, virusi vya binadamu vina nyingine, na virusi vyote vya majanga tunavyovijua vilikuwa na ile inayopita. Kulikuwa na njia ya pili pia: nafasi ya 52, ambayo kwenye umbo lililokunjwa inakaa kando ya ile ya 313. Huko ndiko virusi kadhaa vya H7 na H9 vilivyowahi kuambukiza watu vilipopitia.

Hapa ndipo ninapoombea utulivu wa kufikiri, maana ni rahisi mtu kuchukua kisa hiki akakifanya nacho hesabu nyingine ya kusubiri: tulikuwa tunaihofia nafasi ya 226, sasa tuihofie ya 313. Mfano wa H7N9 unakataza hilo. Kirusi hicho kilijitokeza China mwaka 2013, na ndani ya mawimbi matano kikaambukiza zaidi ya watu 1,500 na kuua zaidi ya theluthi moja yao. Kilikuwa kimeshampita BTN3A3 kwa njia ya nafasi ya 52. Hata hivyo hakikuenea kati ya watu. Mwaka 2021 watafiti waliopima jeni za wagonjwa wa H7N9 na kuzilinganisha na za watu wenye afya walikuta miongoni mwa wagonjwa jeni za MxA zenye hitilafu adimu ambazo hazipatikani kwa kiwango hicho kwa watu wengine. Nauona ushahidi huo kuwa mzito sana. Kirusi kilikuwa kimempita mlinzi mmoja, na baadhi ya waliougua walikuwa watu ambao mlinzi wao wa pili alikuwa na kasoro tangu kuzaliwa. Kwa watu wengine waliogusa kuku wale wale na kupumua hewa ile ile, inaelekea MxA ilikisimamisha kirusi ndani ya seli chache za kwanza, wala hawakujua.

Wapinzani wa hoja yangu wana mambo ya maana ya kusema, na ninayachukua kwa uzito unaotofautiana. La kwanza ni kwamba bila kipokezi hakuna maambukizi, kwa hiyo hemaglutinini lazima ije kwanza. Ni kweli, wala sijadai kinyume. Kirusi kisichoweza kushika seli za koo na pua zetu hakiwezi kusambaa kwa chafya, hata kiwe na nukleoprotini ya namna gani. Polimerasi nayo ina masharti yake: sehemu yake ya PB2 inahitaji mabadiliko ili ifanye kazi vizuri kwenye seli za mamalia, na virusi vya ng'ombe vimeshayapata baadhi. Lakini ukishakubali kwamba masharti ni mengi, umeshakubali pia kwamba "hatua moja" si kipimo sahihi. Sharti la nje likitimia kwenye kirusi ambacho nukleoprotini yake bado ni ya ndege, tutaona wagonjwa zaidi, lakini janga litabaki kuwa gumu. Kinyume chake, nukleoprotini iliyokwisha zoea binadamu au nguruwe ikikutana na hemaglutinini ya H5 ndani ya mwili mmoja ulioambukizwa na virusi viwili, vikabadilishana vipande, tutakuwa tumeshuhudia kilekile kilichotokea 1957 na 1968. Hofu yangu iko huko zaidi. Ndiyo maana mfanyakazi wa shamba mwenye mafua ya msimu anayekamua ng'ombe wenye H5N1, au nguruwe anayefugwa jirani na kuku, ananitia wasiwasi kuliko badiliko lolote moja kwenye nafasi ya 226.

Pingamizi la pili ndilo dhaifu kuliko yote, ingawa ndilo ninalolisikia mara nyingi. Linasema nukleoprotini imejificha ndani ya kirusi, kingamwili haziifikii, kwa hiyo kwa upande wa kinga na chanjo haina maana. Sehemu ya kwanza ni sahihi kwa kiasi kikubwa. Hitimisho ndilo lisilosimama, kwa kuwa linachukulia kwamba kingamwili ndiyo kinga yote. Seli iliyoambukizwa hukatakata protini zilizo ndani yake, za kwake na za mgeni, na kuvianika vipande vyake juu ya utando ili seli T, askari wa kinga wanaozunguka mwilini, zinazopita zikague. Tunalijua hilo kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya nukleoprotini yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Alain Townsend na wenzake Uingereza walionyesha kwamba seli T zinazoua seli zenye influenza zilikuwa zinatambua vipande vifupi vya nukleoprotini, protini ambayo haikai juu ya kirusi hata kidogo. Ugunduzi huo ulibadilisha uelewa wetu wa namna seli T zinavyoona. Miaka michache baadaye, mwaka 1993, panya waliodungwa msulini DNA yenye maelekezo ya nukleoprotini pekee walinusurika na influenza ya aina tofauti kabisa na ile iliyotoa jeni hiyo. Kitu kilichojificha ndani kilikuwa kimewakinga.

Kwa binadamu ushahidi si mkamilifu, lakini unaelekea upande huo huo. Mwaka 1983 Andrew McMichael na wenzake walichapisha jaribio la watu waliojitolea kuambukizwa influenza puani. Wale waliokuwa na seli T zenye nguvu waliondoa kirusi mwilini vizuri zaidi, hata pale ambapo hawakuwa na kingamwili. Kumbukumbu za familia zilizofuatiliwa katika mji wa Cleveland, zilipochambuliwa upya mwaka 2006, zilionyesha kwamba watu wazima waliowahi kuugua influenza A kabla ya 1957 walipatwa kwa uchache na H2N2 ilipokuja, ingawa H na N zake zilikuwa ngeni kwao. Kwa watoto tofauti hiyo haikuonekana. Na wakati wa janga la 2009, watafiti wa Imperial College London waliowapima watu wazima kabla ya wimbi kuwafikia waliona kwamba wenye seli T nyingi zinazotambua sehemu zisizobadilika za kirusi, nukleoprotini ikiwa mojawapo, waliugua kwa wepesi zaidi. Hawa hawakuepuka maambukizi. Waliugua kidogo. Na mtu aliyewahi kukaa usiku kucha kando ya mzee anayepumua kwa shida kwa sababu ya mafua, kama nilivyowahi kukaa mimi, anajua kwamba hapo ndipo uhai na kifo vinapoachana njia.

Pingamizi la tatu ni zito na linastahili kujibiwa bila kukwepa: chanjo zilizojengwa juu ya wazo hili zimeshindwa kwenye majaribio makubwa. Chanjo ya MVA-NP+M1, iliyobeba nukleoprotini na M1, ilijaribiwa Australia mwaka 2019 kwa watu zaidi ya elfu mbili wakiwa wamepewa pia chanjo ya kawaida, na haikupunguza idadi ya wagonjwa waliothibitishwa maabara. Chanjo nyingine iliyounganisha vipande vya hemaglutinini, nukleoprotini na M1, iliyoitwa M-001, ilifika awamu ya tatu ya majaribio kwa watu zaidi ya elfu kumi na mbili, nayo ikaanguka mwaka 2020. Siwezi kuyafunika matokeo haya. Ninachosema ni kwamba tuangalie yalikuwa yanapima nini. Kigezo kilikuwa kuugua au kutougua mafua yaliyothibitishwa, na hicho ndicho kigezo ambacho seli T zina uwezekano mdogo wa kukishinda, kwa kuwa zinaingia kazini baada ya seli kuambukizwa. Isitoshe, sindano ya begani hujaza seli T kwenye damu, huku vita vikipiganwa kwenye kuta za mapafu ambako seli T wakazi huwekwa hasa na maambukizi yenyewe au na chanjo inayopitia puani. Na mtu mzima yeyote ameshakutana na nukleoprotini mara nyingi maishani, kwa hiyo kumwongezea kidogo juu ya akiba aliyonayo si sawa na kumjaribu mtu asiye na akiba kabisa. Kushindwa huko kumetuonyesha kwamba njia ile ya kuitoa haitoshi. Hakujafuta kilichoonekana Cleveland.

Wenzangu wanaoipenda nukleoprotini nao wana kosa lao, nalo ni kuhubiri kwamba haibadiliki. Inabadilika, ila taratibu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 virusi vya H3N2 vilibadilisha nafasi ya 384 ya nukleoprotini, na badiliko hilo moja likazipofusha seli T za watu wenye aina fulani za vinasaba vya kinga. Ndani ya muda mfupi likaenea kwenye virusi vyote vya H3N2. Dawa nayo imekutana na hilo hilo. Mwaka 2010 ilitangazwa kemikali iliyopewa jina la nukleozini, inayofanya nukleoprotini zigande pamoja kama maziwa yaliyokatika na kushindwa kuingia kwenye kiini. Ilileta matumaini makubwa, hadi ilipoonekana kwamba badiliko moja kwenye nafasi ya 289 linatosha kuizuia, na kwamba virusi vingi vya 2009 tayari vilikuwa nalo. Dawa tunazotumia leo, oseltamivir inayozuia neuraminidasi na baloxavir inayozuia polimerasi, hazigusi nukleoprotini. Nafasi hiyo bado iko wazi, na si kwa sababu watu hawajajaribu.

Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji ugunduzi mpya, yanahitaji uamuzi tu. Chanjo ya mafua ya msimu hupimwa kwa kigezo kimoja: mikrogramu 15 za hemaglutinini kwa kila aina ya kirusi katika dozi ya kawaida. Kiasi cha nukleoprotini kilichobaki humo baada ya kusafishwa hakiwekewi kiwango, na kinatofautiana kati ya watengenezaji. Zaidi ya hapo, virusi vinavyokuzwa kwenye mayai kwa ajili ya chanjo huundwa kwa kuchukua H na N za kirusi cha msimu na kuzipandikiza kwenye vipande vya ndani vya kirusi cha maabara kinachokua vizuri, A/Puerto Rico/8/34. Maana yake ni kwamba kwenye chanjo nyingi zilizoandikwa "mpya za msimu huu", nukleoprotini yoyote iliyomo mara nyingi ni ya mwaka 1934. Chanjo ya kupulizia puani ina hadithi kama hiyo, kwani vipande vyake vya ndani vilitoka kwa kirusi cha 1960 kilichozoeshwa baridi, na moja ya mabadiliko yanayokifanya kisistahimili joto la mapafu liko kwenye nukleoprotini, nafasi ya 34. Wakati mafua ya msimu, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, yanaua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji, naona ni haki kuuliza kwa nini protini inayoweza kupunguza ukali wa ugonjwa haijawekewa hata kipimo kwenye kichupa.

Upande wa ufuatiliaji ni rahisi zaidi. Kila kirusi cha H5N1 kinachotolewa kwa ng'ombe, paka, nguruwe au mtu kinaweza kusomwa vipande vyote vinane kwa siku chache. Bado mifuatano mingi inayowekwa kwenye hifadhi za kimataifa ni ya hemaglutinini peke yake, au hemaglutinini na neuraminidasi, na taarifa kwa umma hutaja nafasi ya 226 ya hemaglutinini na ya 627 ya PB2 huku ikikaa kimya kuhusu kipande cha tano. Maabara ikishasoma kirusi, iweke vipande vyote. Na taarifa inapoandikwa, iseme kwa sentensi mbili nukleoprotini imetoka ukoo gani, wa ndege, wa nguruwe au wa binadamu, na kwenye nafasi za 52, 100 (mojawapo ya zile zinazomhusu MxA) na 313 kuna nini. Mwandishi wa habari anayepokea taarifa isiyo na sentensi hizo mbili ana haki ya kupiga simu maabara na kuziulizia kabla hajaandika kichwa cha habari.